Uwanja Usio na Unyayo

Harufu ya saruji iliyotoka kuchanganywa na maji ni harufu ya maendeleo kwa watu wengi. Wakiinusa wanaona nyumba, vigae na geti la chuma. Mimi naona ufagio. Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipofika asubuhi kwenye kiwanja changu kule Mabwepande kukagua sakafu ya baraza iliyomwagwa jioni ya jana yake, nilianza kutazama chini kabla sijaambiwa chochote. Fundi wangu alikuwa amechuchumaa na mwiko mkononi, anacheka peke yake. Alisema mbwa wa watu wamemharibia kazi: mnyama amekatiza sakafu ikiwa bado laini, akashukia upande wa pili bila haraka, kana kwamba baraza ni la baba yake.

"Sista, nipitishe mwiko fasta kabla haijakauka?"

Nilimwambia asubiri, nikainama. Nyayo zilikuwa nne, za duara, pana kama kiganja changu. Mbele ya vidole hapakuwa na alama ya kucha hata moja.

Mbwa hawezi kuficha kucha zake. Hilo nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, na aliyenifundisha alinikataza kulisema kwa mtu yeyote. Nimelitunza mpaka nywele zimeanza kubadilika rangi. Leo nawaambia nyinyi, kwa sababu nimechoka kulala nalo.

Tulikuwa tunaishi Wazo, upande wa juu, pale nyumba zilipoishia na vichaka kuanza. Bonde lote la nyuma yetu lilikuwa msitu zamani, lakini nilipopata akili lilikuwa limebaki visiki, matanuri ya mkaa na vigingi vya viwanja. Chini ya nyumba yetu palikuwa na shimo kubwa la kokoto lililoachwa, na pembeni yake kina mama walikaa kutwa nzima wakigonga mawe kwa nyundo. Vumbi lao lilikuwa jeupe na laini. Lilitua kwenye majani ya mihogo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele zetu, hata kila jioni tulizeeka na baada ya kuoga tukarudi utotoni. Usiku lilitanda uwanjani, na asubuhi, kama kuku amepita, uliweza kusema ni kuku yupi.

Baba alikuwa kibarua wa kupakia malori. Alitoka alfajiri na kurudi magharibi, kwa hiyo katika habari hii hana kosa, maana hakuwepo. Nyumba ilikuwa ya Mama na ya Bibi, mama yake Mama. Mama alikuwa na biashara ya kuku. Mzee mmoja wa msikitini alipita baada ya swala kuwachinja, kisha mimi na Mama tukawanyonyoa kwa maji ya moto, tukawapanga kwenye tenga, na baiskeli ikawapeleka Sinza. Wakati ule Sinza kila baa ilikuwa na jiko la chipsi kuku mlangoni. Sisi tulikuwa watu wa swala tano, lakini sare zangu za shule zilishonwa na njaa ya walevi wa Sinza, na Bibi alisema riziki haina haja ya kuulizwa imetokea mlango gani.

Vichwa, miguu na firigisi vilikuwa na wateja wake. Kilichobaki, yaani matumbo, damu iliyoganda na manyoya, kilikuwa changu. Nilikibeba kwa ndoo nyekundu isiyo na mfuniko mpaka kwenye shimo la kokoto, nikakimwaga, nikakimbia. Mbwa wasio na wenyewe walinisubiri ukingoni kila siku, nami niliwapa majina: Bonge, Polisi, Mchumba, na mmoja mwekundu mwenye maringo niliyemwita Simba. Bibi hakuwahi kulitamka jina hilo. Alimwita "yule mwenye jina baya", na nilipomtania kwa kumwita Simba kwa sauti karibu yake, alinifinya sikio mpaka nikamwomba radhi mimi na mbwa pia.

Bibi alitoka kijiji kimoja cha Liwale. Alikuja Dar na mkeka, kinu na sheria zake, na ya kwanza katika sheria hizo ilikuwa kwamba uwanja ufagiliwe na wanawake wa nyumba kabla jua halijatoka, kabla mgeni hajapita, na bila kusema neno. Watu wengine wanafagia uchafu. Bibi alifagia habari, ingawa nilichelewa sana kulijua hilo. Tulianza mlangoni, tukaenda kinyumenyume mpaka kwenye ua wa makuti, tukiburuta fagio zetu za chelewa huku na huku, na tulipomaliza ndipo aliponigeukia na kusema, "Haya, umeamkaje?" Kana kwamba siku ilikuwa inaanza pale.

Asubuhi ya kwanza nilipoziona zile nyayo nilidhani ni Bonge amenona. Bibi akanishika kifundo cha mkono. Akaniinamisha, akanionyesha kwa ncha ya ufagio: hapa vidole, hapa kitanga, hapa pasipo na kitu.

"Mbwa anatembea kucha nje," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu kazificha. Mwenye njia kapita. Fagia."

Nikamuuliza mwenye njia ni nani. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, sasa mimi nilitaka lije? Nikatikisa kichwa. Kisha akasema neno ambalo nimeishi nalo kuliko yote aliyowahi kunifundisha.

"Unyayo ukikutwa mlangoni kwa mtu, Somoe, watu hawatafuti mnyama. Wanatafuta mtu."

Nilifagia. Nyayo zilitokea upande wa shimo, zikapita kando ya banda la kuku, zikazunguka pale tulipochinjia, zikarudi. Vumbi likainuka kidogo, likatua, uwanja ukawa kama vile hakuna kiumbe aliyewahi kukanyaga.

Niwaambieni kweli: sikuogopa. Nilijivuna. Nilikuwa mtoto wa pekee wa mama anayetoka jasho kutwa, na sasa nilikuwa na siri na Bibi yangu. Zilikuja tena baada ya siku tatu, kisha baada ya mbili. Wakati mwingine, kabla sijazifuta, niliuweka mguu wangu ndani ya unyayo kupima. Shuleni nilimtazama mwalimu anayenichapa na kujisemea moyoni kwamba hajui ni nani anayepita kwetu.

Mbwa wakaanza kupungua. Mchumba alitangulia, akafuata Polisi. Simba, licha ya maringo yake yote, alikutwa ukingoni kipande tu, na kina mama wa kokoto wakasema amegongwa na lori la mchanga. Nililia njia nzima. Nilipomweleza Bibi, aliendelea kuchambua mchele.

"Afadhali mbwa," alisema.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Sinza ikapoa. Baa zilizokuwa zikichukua tenga mbili zikachukua nusu, nyingine hazikuchukua kabisa, na ndoo yangu nyekundu ikawa inatoka na kiasi cha kujaza bakuli. Baada ya juma moja mbwa waliobaki waliona hakuna maana ya kunisubiri. Walihamia barabarani kwenye mabucha, na shimo likawa kimya, isipokuwa zile nyundo.

Lakini mwenye njia hakuhama. Sasa alikuja kila siku. Nyayo zilizunguka banda la kuku mara tatu, mara nne, na asubuhi moja zilikuwa hatua mbili tu kutoka kizingiti cha mlango wetu. Mama alibandika mabati kwenye banda, akatazamana na Bibi. Bibi akawa ananiamsha mapema zaidi, mara tu baada ya daku. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba mwezi huu mashetani hufungwa minyororo, na mimi nilikuwa nafagia huku nikijiuliza huyu wetu amefunguliwa na nani.

Jirani zetu wa karibu walikuwa kina Salma. Babu wa babu yao alitoka Uarabuni, na familia ilikuwa na duka la saruji, misumari na mabati kwenye kona tangu Wazo ikiwa na nyumba za kuhesabu. Baba Salma alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Salma alikuwa darasa langu. Mdogo wake, Hafidhi, alikuwa na miaka sita na alijitangazia kwamba anafunga, ingawa kila adhuhuri alifunguliwa jikoni kwa siri na mama yake. Kwa desturi tulipelekeana futari: sisi tuliwapa mihogo ya nazi, wao walituletea tambi za sukari zenye iliki, na kazi ya kuleta bakuli ilikuwa ya Salma. Siku ile Salma alikuwa anageuza sambusa kwenye mafuta. Hafidhi akaomba alete yeye, kwa sababu mtu aliyefunga ni mtu mzima.

Njia ya barabarani ilizunguka. Njia ya mkato ilipita ukingoni mwa shimo.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nasubiri zile tambi. Jua lilikuwa bado lipo, la njano, na nyundo zilikuwa zinagonga kama kawaida. Kisha zikakoma zote kwa pamoja. Nimewahi kusikia vishindo vingi maishani, lakini hakuna kilichonishtua kuliko kile kimya. Baada ya hapo ndipo kina mama walipopiga kelele.

Hawakukimbia, wale kina mama, na Mungu awalipe. Walirusha mawe, walirusha nyundo, mmoja alikwenda na karai akiligonga mpaka akafika pale penyewe. Mnyama aliachia. Nilipofika, Baba Salma alikuwa tayari amembeba mwanawe, kanzu yote imelowa, anakimbilia barabarani bila viatu. Hafidhi alikuwa hai. Ngozi ya kichwa chake, kuanzia juu ya sikio la kushoto mpaka kisogoni, sikuweza kuitazama.

Chini palikuwa na bakuli limepinduka, tambi zimetapakaa kwenye vumbi jeupe, kawa lililolifunika limebingirika mpaka kwenye majani. Na kuzunguka tambi zilikuwepo nyayo, nyingi, zile zile, za duara. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba sikuja na ufagio.

Maaskari wa wanyamapori walifika kesho yake, wakafunga mbuzi ndani ya shimo, na siku ya pili wakampiga risasi. Mtaa mzima ulikwenda kutazama. Alikuwa chui jike. Nilikuwa nimemkuza mno akilini mwangu, na kumbe alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika, madoa yake yamepauka kwa vumbi letu kama sisi wenyewe. Matiti yake yalikuwa yamejaa. Mkubwa wa wale maaskari aliyaminya kwa kidole, maziwa yakatoka, akavua kofia yake na kujipangusa uso. Aliwaambia wanaume waliosimama kwamba huyu hakuja kwetu, sisi ndio tuliomfuata. Kwamba bonde lile lilikuwa lake, na paa waliokuwa chakula chake wamekwisha kwa mitego na mkaa. Na kwamba mnyama mwenye watoto habanduki mahali palipo na chakula rahisi, lazima kuna kitu kilichokuwa kikimweka hapa. Watu wakatazamana. Hakuna aliyetaja ndoo nyekundu, maana hakuna aliyeifikiria, hata mimi. Watoto wake hawakupatikana. Kwa siku nyingi nilikuwa nikienda chooni nasimama kusikiliza upande wa vichaka.

Jioni ile Baba Salma alipita nyumba kwa nyumba. Hakuwa anamlaumu mtu. Alitaka tu kuelewa, kama anavyotaka mtu yeyote aliyeshikwa na jambo kubwa kuliko yeye. Alikaa kwenye mkeka wetu, akakataa chai, akaniita nije mbele yake.

"Somoe, mwanangu. Wewe ndiye unayeamka mapema kuliko watoto wote hapa. Hukuona dalili yoyote? Unyayo, chochote?"

Bibi alikuwa pembeni yangu. Hakunigusa, hakunitazama. Niliona tu vidole vyake vimeshika ncha ya khanga, vinaikunja na kuikunjua.

"Sijaona kitu, Baba," nikasema.

Akanishukuru. Akaniwekea mkono kichwani, mahali pale pale ambapo mwanawe hakuwa na ngozi, akaniombea dua, akaondoka.

Baada ya hapo ndipo Bibi aliponisimulia. Alikuwa na kaka, Mohamedi, aliyekuwa akimbeba mabegani. Miaka ya usichana wake, nguruwe pori waliingia kwenye mahindi kwa wingi, na watu wakalazimika kulala mashambani, kwenye vibanda vya miti, ili kuwafukuza. Simba walifuata nguruwe, wakawakuta watu. Walikula mmoja, wakala wa tano. Kijijini hakuna aliyesema simba wana njaa. Walisema simba wanatumwa, na wakaanza kutafuta anayewatuma. Asubuhi moja nyayo zikaonekana zimeishia mlangoni kwa Mohamedi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita watu waje waone, kwa woga wake, kwa wema wake. Hawakumpa nafasi ya kumaliza kueleza. Tangu siku hiyo wanawake wa ukoo wetu wanafagia.

"Sie wageni hapa," Bibi alisema. "Ningefanyaje?"

Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao yeye. Nimemkasirikia Bibi miaka mingi, nikamsamehe, nikamkasirikia tena kaburini. Alifariki mimi nikiwa sekondari, na mpaka wiki ya mwisho, akiwa hawezi kusimama, aliuliza kila alfajiri kama uwanja umefagiliwa.

Mambo mengine niliyaelewa pole pole, nikiwa mtu mzima, mpaka siku moja nilipokuwa nakaanga kuku jikoni kwangu, mikono inanuka matumbo. Siku hiyo nilizima jiko nikakaa chini. Ndoo ilivuta mbwa, mbwa wakamvuta chui, na Sinza ilipoacha kula kuku, mbwa wakaondoka na chui akabaki na watoto wa kunyonyesha. Nilikuwa nalaumu ufagio peke yake miaka yote hiyo. Kumbe kwa mkono mmoja nilikuwa namwita kila siku, na kwa mkono mwingine nawafichia watu kwamba ameitika.

Haya yote yalinipita pale barazani Mabwepande, fundi akinisubiri na mwiko wake. Nyuma ya kiwanja changu ulianza msitu, au tuseme kilichobaki cha msitu, na mbele yake vilianza vigingi, vyangu vikiwamo. Nami nimenunua huko nikijisifu kwamba nimepata mahali penye hewa. Nilimwambia fundi asiguse. Nikampigia Hafidhi.

Hafidhi ndiye mwenye duka sasa, na saruji yote ya nyumba yangu imetoka kwake. Alikuja na pikapu yake, na kofia ya kiua aliyoishusha mpaka masikioni kama siku zote. Watu wanadhani ni uchamungu. Alisimama juu ya zile nyayo, akazitazama, akachuchumaa. Akaulaza mkono wake juu ya mmoja bila kuugusa. Ndipo nikamwambia. Sikupamba: kwamba nyayo hizi nilizijua, kwamba zilipita kwetu wiki nyingi kabla ya siku ile, kwamba nilizifuta kila asubuhi kwa mikono yangu, na kwamba baba yake aliponiuliza nilimdanganya. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tu, sikujiandaa kwa kingine.

Alivua kofia, akaishika magotini. Jua likampiga kwenye lile kovu jeupe, laini.

"Mama alikuwa anatusema kwa kukutaja wewe kila siku," alisema. "Tukiamka anatuambia, hebu mtazameni mwenzenu. Uwanja wa kina Somoe hauna hata unyayo."

Fundi alijifanya anaosha mwiko wake. Hafidhi akavaa kofia, akasimama, akajipangusa magoti.

"Nyumba za hapa zina watoto?"

Nikamwambia zipo tatu, na ya nne ina mjamzito.

"Twende basi."

Niliogopa, siwafichi. Nilikuwa mgeni mtaani pale, sina hata mwaka, na nilijua naenda kuwaambia watu ni mlango gani nyayo zimekutwa. Mohamedi alikuwa nami njia nzima. Tulipofika nyumba ya kwanza, mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama uwanjani, anafagia.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Naomba usimame kidogo na huo ufagio. Chui amepita kwangu."